Siku Moja Anvers, Mji wa Merikebu na Hesabu



Katika miji ya Ulaya, mmoja ulifahamika Kongo kwa maandishi kabla ya kufahamika kwa macho. Mji huo ni Anvers. Jina lake lilipigwa chapa juu ya masanduku ya misumari, juu ya magunia ya saruji na juu ya marobota ya vitambaa. Lilishuka Matadi, likapanda gari la moshi mpaka Kinshasa, likapakiwa tena katika merikebu za mtoni. Mizigo ya upande wetu wa mashariki mara nyingi ilizungushwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, ikaja kwa reli hadi Kigoma, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kalemie, ambako siku zile kuliitwa Albertville. Huko nako, sanduku lilipofunguliwa, jina lilikuwa lilelile. Wazee wetu hawakujua mji ule una umbo gani. Walijua tu kwamba vitu vizito vyatoka huko, na kwamba vitu vizito zaidi vyaenda huko.

Wenyeji wa mji husema Kiflamandi na huuita Antwerpen. Mimi nitaandika Anvers, kama tulivyofundishwa shuleni.

Huu ni mwaka wetu wa tatu kukaa Leuven kwa ajili ya masomo. Kutoka hapa hadi Anvers ni safari ya saa moja hivi kwa gari la moshi, wala mtu hana haja ya kulala huko. Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mimi na mama watoto tuliamka mapema, tukafunga mikate, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai, tukamchukua binti yetu wa miaka kumi na mdogo wake wa miaka sita, tukaenda. Nawaandikia tuliyoyaona, kwa maana huko nyumbani wako wengi wenye watoto au ndugu katika nchi hizi, nao huuliza kila siku: Mnaona nini huko?

Kituo cha reli kifananacho na kanisa

Kituo kikuu cha Anvers kilimalizika kujengwa mwaka 1905. Watu wa mji wamekipa jina la utani, "kanisa kuu la reli", na kweli linakifaa. Kuba lake linafika mita 75 kwenda juu, kuta zake ni za mawe ya rangi mbalimbali, na ngazi zake ni pana kama za jumba la mfalme. Mwaka 2007 lilifunguliwa handaki chini ya mji ili treni ziweze kupita moja kwa moja bila kugeuka. Basi sasa reli ziko katika orofa tatu, moja juu ya nyingine. Mtoto wetu mdogo alishika chuma cha ukingo, akatazama treni chini ya treni, akakataa kabisa kuondoka mpaka alipoahidiwa kwamba jioni tutarudi kwa njia hiyohiyo.

Nje ya kituo, upande mmoja, pana bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1843. Okapi, mnyama wa msitu wetu wa Ituri, aliletwa hapa akiwa hai miaka ile Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha, na watu wa Ulaya wakamwona kwa mara ya kwanza. Mpaka leo bustani hii hutunza daftari la okapi wote wanaofugwa ulimwenguni: nani alizaliwa wapi, na wazazi wake ni nani. Hatukuingia, kwa maana kiingilio cha watu wanne ni kizito kwa mfuko wa mwanafunzi.

Upande wa pili, hatua chache tu, ziko njia nyembamba za wauza almasi. Usitazamie fahari yoyote. Utaona milango mizito, walinzi, na watu wenye mikoba wanaotembea upesi bila kutazama huku na huku. Almasi za Kasai ziligunduliwa mwaka 1907, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ililetwa kuuzwa katika njia hizi. Mama watoto, ambaye mama yake alizaliwa Mbuji-Mayi, alisimama kitambo mbele ya mlango mmoja uliofungwa. Kisha akasema, "Kumbe huku ndiko zilikokuja." Hakuongeza neno.

Mnara, picha na mashine za chapa

Kutoka kituoni twaenda kwa miguu, njia moja pana yenye maduka mengi, huku mnara wa kanisa kuu la Bikira Maria ukituongoza. Mnara huo una urefu wa mita 123. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1352, na mnara ulimalizika baada ya miaka karibu 170. Ilikusudiwa iwe minara miwili yenye kulingana, lakini fedha hazikutosha, na wa pili umebaki mfupi mpaka leo. Mafundi waliochimba msingi walijua hakika kwamba hawataiona kazi ikimalizika, wala wana wao hawataiona. Walichimba hata hivyo.

Ndani zimo picha kubwa za Peter Paul Rubens, mchoraji aliyeishi mjini hapa na kufa hapa mwaka 1640. Mbili ndizo zenye kusimamisha watu: Kuinuliwa kwa Msalaba, ya mwaka 1610, na Kushushwa kwa Bwana Msalabani, ya mwaka 1612. Katika ile ya kwanza, wanaume wenye misuli kama ya wapakuzi wa bandari wanavuta na kusukuma, na mtu huona uzito wa mti. Katika ya pili hakuna anayesukuma. Watu wamesimama juu ya ngazi na chini yake, nao wanaupokea mwili ulio mweupe juu ya sanda nyeupe, kila mmoja akishika mahali pake. Binti yetu aliona jambo ambalo mimi sikuliona: mzee mmoja aliye juu kabisa, mikono yake imejaa, basi ameishika sanda kwa meno. "Hataki adondoke," akasema. Naye alinena sawa. Kwa kitambo tulikaa kimya, tukasali kidogo, tukatoka.

Mwendo wa dakika tano kutoka hapo iko nyumba ya Christophe Plantin, mpiga chapa. Alikuwa Mfaransa, mgeni katika mji huu kama sisi, akaanza kazi yake ya kuchapisha mwaka 1555. Kati ya mwaka 1568 na 1573 alichapa Biblia katika lugha tano za kale, yaani Kiebrania, Kigiriki, Kilatini, Kiaramu na Kisiria, kazi ambayo ilikaribia kumfilisi. Katika nyumba hiyo zimo bado mashine mbili za kuchapia, za tangu mwaka 1600 hivi, nazo ni za kale kuliko zote zilizosalia duniani. Mwaka 2005 UNESCO iliiandika nyumba yote katika urithi wa ulimwengu. Herufi za risasi zimepangwa katika visanduku vyake, tayari kana kwamba wafanyakazi wametoka kula tu. Nilimwonyesha mwanangu mdogo kwamba kila herufi imegeuzwa kinyume, ili karatasini isomeke sawa. Alicheka sana.

Mkono uliotupwa mtoni

Sasa nafika mahali pa Anvers palipotugusa kuliko pengine pote.

Mbele ya jumba la mji, lililojengwa mwaka 1565, upo uwanja uliozungukwa na nyumba ndefu nyembamba zenye sanamu za dhahabu juu ya paa. Katikati pana chemchemi yenye sanamu ya kijana aliye uchi, amepinda mgongo kama mrusha mkuki, naye anatupa mkono wa mtu. Si wake, ni mkono uliokatwa. Sanamu hiyo ilitengenezwa na Jef Lambeaux mwaka 1887.

Hadithi yake ni hii. Hapo kale, wasema watu wa Anvers, palikaa kando ya mto Escaut jitu liitwalo Antigoon. Kila nahodha aliyepita ilimpasa kulipa ushuru. Asiyeweza au asiyetaka, jitu lilimkata mkono na kuutupa majini. Mwishowe akaja askari wa Kirumi aitwaye Brabo, akapigana na jitu, akalishinda, naye akalikata mkono wake na kuutupa mtoni. Kutokana na kutupa mkono huko, ndivyo wasemavyo, mji ulipata jina lake, kwa sababu kwa Kiflamandi maneno hayo yasikika karibu sawa na Antwerpen. Wataalamu wa lugha hawakubali, lakini watoto wote wa mji wanaijua hadithi hiyo. Mikono imo katika nembo ya mji tangu zamani za kale. Imo hata katika madirisha ya maduka: biskuti zenye umbo la kiganja, ambazo zinaokwa tangu mwaka 1934, na vikono vya chokoleti vilivyofungwa kwa utepe.

Na hadithi ina kitu cha kweli ndani yake. Ushuru wa mto ulikuwako, tena si wa jitu. Tangu mwaka 1585 Waholanzi, walioshika mdomo wa Escaut, waliubana mto hata biashara ya Anvers ikafa kwa muda wa karne mbili. Ubeljiji ulipojipatia uhuru mwaka 1830, merikebu ziliendelea kutozwa fedha ili zipite, mpaka mwaka 1863, ushuru huo ulipokombolewa mara moja kwa fedha nyingi. Basi watu waliotengeneza sanamu mwaka 1887 walikuwa bado wakikumbuka maana ya mtu kukaa kando ya mto wako na kukudai.

Binti yetu aliitazama sanamu muda mrefu, huku maji yakimwagika kutoka shingoni mwa jitu. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, shuleni mwalimu alitueleza kwamba Kongo watu walikatwa mikono. Ni huyu aliyewakata?"

Mbele yetu wageni walikuwa wakipiga picha. Karibu nasi mtoto mmoja alikuwa akila kikono cha chokoleti, akianza na vidole.

"La, mwanangu," mama yake akajibu. "Huyu ni wa hadithi. Wale wa kwetu ni wa kweli. Twende mtoni, baba yako akueleze."

Wazazi wenzangu, mnajua jinsi swali la namna hiyo linavyomwingia mtu. Ukimficha mtoto, atayasikia kwa wengine, naye hatakuamini tena. Ukimwambia kwa ghadhabu, utampandia chuki ambayo kesho ataivuna shuleni, kati ya wenzake wasio na kosa. Tena haifai kusema uongo, hata juu ya aliyetukosea: hadithi ya jitu la Anvers ni ya kale kuliko mambo ya Kongo kwa karne nyingi, wala Brabo hakuwekwa pale kwa ajili ya kutudhihaki. Lakini si uongo pia kusema kwamba sanamu hiyo ilisimamishwa miaka miwili tu baada ya Mfalme Leopold II kutambuliwa kuwa mwenye Kongo, mwaka 1885, na kwamba katika miaka iliyofuata mikono halisi ilikatwa ili gati lililo mita chache kutoka hapo lijae mpira.

Gatini: waliohesabu

Mto Escaut mbele ya mji ni mpana, maji yake ni ya rangi ya udongo, nayo hupanda na kushuka pamoja na bahari, ingawa bahari yenyewe iko mbali, karibu kilomita 80. Kando yake imesimama ngome ya kale ya mawe iitwayo Steen. Tuliketi juu ya benchi, tukafungua chakula chetu. Hapo ndipo nilipomweleza.

Tangu mwaka 1895 merikebu zilisafiri kutoka Anvers kwenda Boma na Matadi kwa ratiba. Zilichukua askari, watumishi wa serikali, wafanyabiashara, mapadri na masista. Baadaye nyingi zilipewa majina ya miji yetu: Léopoldville, Élisabethville, Albertville, Baudouinville, Jadotville. Leo miji hiyo yaitwa Kinshasa, Lubumbashi, Kalemie, Moba na Likasi. Wakongo pia walifanya kazi ndani yake, wakichochea moto na kuosha sitaha, na baadhi yao walibaki kuishi mjini hapa.

Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni moja ya merikebu ya Liverpool ilikuwa na karani kijana aitwaye Edmund Dene Morel. Kwa kuwa alijua Kifaransa, alitumwa mara kwa mara Anvers kushughulikia mizigo ya Kongo. Kazi yake ilikuwa kulinganisha daftari na mizigo. Naye akaona jambo hili: merikebu zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, mali nyingi kupita ile iliyotangazwa mbele ya watu. Lakini zikienda Kongo, karibu hazichukui bidhaa za kuwalipa watu kazi yao. Zinachukua bunduki na risasi. Hakuwa amefika Kongo. Hakumwona hata mtu mmoja aliyepigwa. Aliona safu mbili za hesabu zisizolingana, akafahamu kwamba watu wasiolipwa, tena wanaotolewa mali nyingi vile, ni watu wanaolazimishwa kwa nguvu. Mwaka 1901 aliacha kazi yake, akaanza kuandika na kuhutubu.

Huko Kongo kwenyewe nako palikuwa na hesabu. Askari wa Serikali waliotumwa kudai mpira iliwapasa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na ushahidi uliotakwa ulikuwa mkono wa kuume wa aliyeuawa. Ndipo mikono ikakatwa, ya wafu na ya walio hai, ili hesabu ya risasi itimie. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari wa Kiingereza, alipiga picha ya baba aitwaye Nsala, ameketi barazani, akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo ilizunguka dunia.

Mfalme alipoona makelele yamezidi, alituma tume ya uchunguzi mwaka 1904. Mbele ya tume hiyo alikuja Lontulu, mkuu wa Bolima, naye hakujua kuandika. Alikuja na vijiti 110. Akaviweka mezani kimoja kimoja, mafungu manne: wakubwa wa kabila, wanaume, wanawake, na watoto. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa ajili ya mpira, naye akamtaja kila mmoja kwa jina lake. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachilia Kongo, ikawa koloni la Ubeljiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, lakini utawala ule wa mtu mmoja ulikwisha.

Binti yetu alisikiliza bila kula. Kisha akauliza, "Kwa hiyo yule karani alihesabu tu?"

"Alihesabu," nikajibu, "kisha hakunyamaza."

"Na yule mkuu alikuwa na vijiti tu."

"Vijiti na majina."

Alifikiri kitambo. Kisha akachukua mkate wake, akala. Mama yake alinitazama, akanipa chai.

Juu ya paa

Ukifuata mto kwenda kaskazini utafika kwenye madimbwi makubwa ya bandari ya kale, yaliyochimbwa wakati wa Napoléon. Kati yake imejengwa nyumba ya makumbusho iitwayo MAS, iliyofunguliwa mwaka 2011: mnara mwekundu wa mawe yaliyotoka Uhindi, wenye urefu wa mita 60, na madirisha yenye mawimbi. Kutani imepambwa kwa maelfu ya vikono vidogo vya madini. Watu wa Anvers, kweli, hawachoki na mikono! Ngazi za umeme zinakupandisha orofa kwa orofa mpaka paani, wala hakuna malipo kwa kupanda huko. Basi kwa familia isiyo na fedha nyingi, hakuna mahali pazuri zaidi.

Kutoka juu twaona mji wote upande mmoja, na upande wa pili bandari ya leo: winchi nyingi kama msitu, matangi ya mafuta, makasha ya rangi zote yaliyopangwa kama matofali, hata macho yanachoka. Mwaka 2022 bandari ya Anvers iliunganishwa na ile ya Zeebrugge, na mwaka 2023 mizigo iliyopita humo ilikuwa tani milioni 271. Katika Ulaya yote, bandari ya Rotterdam pekee ndiyo inayoipita. Wapakuzi wa zamani, wenye magunia mabegani, hawaonekani tena. Winchi moja inashusha kasha ambalo zamani lingechosha watu wengi kutwa nzima.

Karibu na hapo ipo nyumba nyingine ya makumbusho, iliyofunguliwa mwaka 2013, yenye habari za watu waliopanda merikebu za Red Star Line kwenda Marekani na Kanada. Kati ya mwaka 1873 na 1934 walipita hapa watu wapatao milioni mbili, maskini wengi wa Ulaya ya mashariki, wakikimbia njaa na mateso. Iliwapasa kuoga, nguo zao zikatiwa mvuke wa kuua wadudu, madaktari wakawachungua macho na ngozi. Aliyekutwa na ugonjwa alizuiliwa, na jamaa zake wakachagua: kubaki naye au kumwacha. Nimesimama mimi nami katika safu za ofisi za wageni, karatasi mkononi. Mtu anayedhani kwamba kuhama ni jambo la Waafrika peke yao na aje asome barua zao.

Uwanja wa mwaka 1894

Tuliteremka, tukapanda tramu kwenda upande wa kusini, mpaka jumba kubwa la picha lililofunguliwa mwaka 1890. Mbele yake pana uwanja mpana wenye maji, na watoto wetu wakaanza kuyakimbilia mara moja, pamoja na watoto wa mji. Tukawaachia wacheze.

Mahali hapo, mwaka 1894, wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, vilijengwa vibanda vya kuigiza kijiji cha Kongo, na ndani yake waliwekwa Wakongo 144, wanaume, wanawake na watoto, ili watu wa mji waje kuwatazama. Wengi waliugua kwa baridi na magonjwa wasiyoyazoea. Si chini ya saba walikufa, wakazikwa katika mji huu, mbali na wao. Kwa miaka mingi habari hiyo ilikuwa karibu imesahauliwa. Kati ya mwaka 2020 na 2021 makumbusho ya MAS yalifanya maonyesho juu ya vitu vya sanaa vya Kongo vilivyo katika mali ya mji, nayo yakaieleza wazi pia habari ya wale watu. Mwezi wa Juni mwaka huohuo wa 2020, sanamu ya Leopold II iliyosimama Ekeren, mtaa mmoja wa Anvers, iliondolewa baada ya kuharibiwa kwa moto na rangi. Tena Juni 2022 Mfalme Philippe alisema mwenyewe Kinshasa jinsi anavyosikitikia yaliyopita. Wako wasemao kwamba hayo ni maneno tu. Mimi nasema kwamba jambo lililotajwa ni afadhali kuliko jambo lililozikwa, lakini halijawa bado jambo lililolipwa.

Chini ya mto

Mchana ukaanza kupungua. Tulirudi kando ya mto mpaka kwenye handaki la Mtakatifu Anna, nalo liliwafurahisha watoto kuliko yote. Lilifunguliwa mwaka 1933 kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ngazi zake za umeme ni za mbao mpaka leo, nazo zinalia kama kitanda cha kale. Ukifika chini, zaidi ya mita 30 chini ya ardhi, unatembea mita 572 katika bomba refu jeupe lenye vigae, na juu ya kichwa chako merikebu zinapita. Mtoto mdogo alipiga kelele ili asikie mwangwi wake. Waendesha baiskeli walimjibu kwa kengele zao.

Ukitoka ng'ambo, geuka nyuma. Ndipo utakapouona mji wote kama ulivyo: gati ndefu, ngome, na mnara wa kanisa kuu juu ya paa zote. Ni mji mzuri. Nasema hivyo bila kusitasita, na nilimwambia binti yetu vivyo hivyo, ili asidhani kwamba mtu aujuaye ukweli hana ruhusa ya kufurahi. Wachonga mawe wa mnara ule hawakumwibia mtu wa Kongo. Walikuwa wamekwisha kufa miaka mia tatu na zaidi kabla ya mpira.

Neno kwa wenye watoto

Basi, wapenzi, mkipata nafasi ya kuja Ubeljiji, msiishie Brussels. Njoni Anvers kwa siku moja. Vaeni viatu vizuri, fungeni chakula chenu, kwa maana chakula cha mji ni ghali, na msiwanyime watoto maji yale ya uwanjani.

Na nyinyi mlio nyumbani, msidhani kwamba somo la bandari liko Ulaya tu. Bandari ni mlango, na kila mlango una maswali yake matatu: Nini kimeingia? Nini kimetoka? Nani amelipwa? Shaba na kobalti za Kolwezi zinatoka leo kwa malori, mchana na usiku, na zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia yatoka katika nchi yetu. Dhahabu na madini mengine yanavuka mipaka ya Kivu, mara nyingi bila kuandikwa popote. Merikebu zinang'oa nanga Kalemie, mashua zinavuka kutoka Goma kwenda Bukavu. Kila mahali pana karani, na kila karani ana daftari.

Mtoto anapolia kwamba hesabu ni ngumu, tusimwambie tu kwamba zitampatia kazi ofisini. Tumweleze habari ya Lontulu, ambaye hakuwa na shule wala kalamu, lakini aliwajua watu wake wote 110, akawataja mbele ya wakubwa bila kumsahau mmoja. Watoto wetu wana kalamu. Tuwafundishe kuandika sawasawa kilichopita, na kutonyamaza pale safu mbili zisipolingana.